Mgonjwa Haulizwi Uji



Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, na tangu hapo mjadala haujatulia. Katika jumuiya ndogo ndogo za Mlandizi, Visiga, Kisarawe mjini na Maneromango watu wanauliza mambo mawili, nayo ni haki yao kuyauliza: fedha za kadi hiyo zitatoka mfukoni mwa nani, na mwenye kadi akifika hospitali atapewa nini? Wapo wanaoiona sheria hii kuwa ni kodi iliyovishwa kanzu ya huruma. Wapo wanaoiona kuwa ndiyo mkombozi wa maskini. Sisi wa Tume ya Haki na Amani tumeonelea si vema kukaa katikati kana kwamba jambo halituhusu. Tunaamini kwamba tiba ya msingi ya kila mkazi wa nchi hii inapaswa kulipiwa na kapu moja, ambalo kila mtu hutia kwa kadiri ya uwezo wake na kuchukua kwa kadiri ya ugonjwa wake. Tunaamini pia kwamba kapu hilo halitadumu isipokuwa bei za matibabu zipangwe hadharani na hesabu zake zisomwe hadharani.

Hebu tutazame kwanza namna tunavyojitibu. Asiye na kadi ya bima katika wilaya zetu mbili si kwamba hana bima yoyote. Anazo tatu za kienyeji. Ya kwanza ni daftari la michango, ambalo hupita nyumba kwa nyumba, na siku hizi hupita katika simu. Ya pili ni mkopo wa haraka, ule ambao wananchi wenyewe wameuita kausha damu, na jina hilo halihitaji maelezo. Ya tatu, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, ni shamba. Jiji la Dar es Salaam limekuja mpaka mlangoni petu. Kuanzia Kiluvya hadi Mlandizi, na kutoka Pugu hadi Kisarawe na mbele yake, mnunuzi wa ardhi hakosekani. Basi mgonjwa akiandikiwa upasuaji, familia haina muda wa kungoja msimu wa korosho. Dalali anaitwa jioni, hati ya mauzo inaandikwa kwa mwenyekiti wa kitongoji asubuhi, na eka ambazo babu alizifyeka kwa mikono yake zinakwenda kwa bei ya mtu mwenye haraka. Mgonjwa huenda akapona. Lakini anarudi katika nyumba isiyo na pa kulima, na watoto wake wataugua wakiwa hawana cha kuuza. Uhamisho huu wa mali kutoka kwa wagonjwa kwenda kwa wenye afya hauandikwi katika bajeti yoyote, nasi tunashangaa kwamba wanaosema bima ni ghali hawauhesabu.

Wazee wetu walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba mtu aliyelala kitandani hapaswi kusumbuliwa kwa maswali juu ya kile ambacho kila mwenye macho anaona anakihitaji; uji hupikwa na kuletwa. Leo mgonjwa huulizwa kabla hajaketi: taslimu au bima? Hatumlaumu karani wa dirishani, maana yeye ametumwa. Tunauliza ni nani aliyeweka swali hilo kinywani mwake, na tangu lini.

Swali hilo lina historia. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 nchi hii ilichagua kwamba matibabu katika vituo vya Serikali yasilipiwe na mgonjwa, na mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali za watu binafsi zenye kutafuta faida. Zahanati zilijengwa mpaka vijijini. Ulipofika mwishoni mwa miaka ya 1980 hazina ilikuwa tupu, dawa hazikuwapo, na bure ikawa bure ya kuandikiwa karatasi na kwenda kununua mwenyewe. Mwaka 1991 tiba ya binafsi iliruhusiwa tena. Mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali za Serikali, kwa kuanzia zile kubwa. Ulitolewa msamaha kwa mama wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wasiojiweza na wenye magonjwa fulani ya kudumu. Msamaha huo upo hata sasa katika maandishi. Ni nani kati yetu ambaye hajaona mzee akipokelewa kwa heshima zote kwenye dirisha la wazee, akapimwa bila malipo, kisha akaambiwa dawa hakuna, akanunue nje? Msamaha usiokuwa na fedha nyuma yake ni salamu tu.

Kutoka hapo ndipo mifuko ilipozaliwa, mmoja mmoja, kila mmoja kwa kundi lake. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao wengi tunaujua kwa herufi zake CHF, ulianza kujaribiwa Igunga, na mwaka 2001 ukawekewa sheria. Kaya ililipa kiasi kidogo kwa mwaka, na Serikali iliahidi kuongeza kiasi kile kile, utaratibu ulioitwa tele kwa tele. Mijini ukaitwa Tiba kwa Kadi. Mwaka 2001 huo huo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, ulianza kazi kwa ajili ya watumishi wa Serikali, kwa makato ya asilimia 6 ya mshahara, nusu kutoka kwa mwajiriwa na nusu kutoka kwa mwajiri. Baadaye yakaja makampuni ya bima ya binafsi kwa waajiri wenye uwezo. Matokeo yake tunayaona katika familia moja: mwalimu ana kadi moja, shangazi yake mkulima ana kadi nyingine, binamu wa benki ana ya tatu, na wengine wote waliobaki hawana kitu. Sheria hii ilipokuwa ikijadiliwa mwaka 2022 ilisemwa mara nyingi kwamba Watanzania wenye bima ya aina yoyote walikuwa kama 15 katika kila 100.

Tuiangalie CHF kwa makini zaidi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya watu wetu. Mwaka 2018 iliboreshwa, mchango ukawa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na huduma zikafika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa mkoa wetu wa Pwani hospitali hiyo ni Tumbi. Lilikuwa jambo jema. Lakini ilikuwa ya hiari, na hapo ndipo ilipovunjikia. Tuseme kijiji kina kaya 200. Zote zikilipa, kapu linapata shilingi 6,000,000. Ikiachwa hiari, wenye miili yenye nguvu watasema wataingia mwakani. Watakaojiandikisha ni wale wenye mgonjwa wa kisukari ndani, au mwenye presha, au mama anayetarajia. Tuseme ni kaya 20. Kapu lina shilingi 600,000 na lina karibu wagonjwa wote wa kijiji kizima. Hakuna mhasibu, hata awe mwaminifu kiasi gani, atakayelifanya kapu hilo litoshe. Dawa zitakwisha, wachache waliolipa watakasirika, mwaka unaofuata watalipa kumi. Yaliyoonekana vijijini kwetu hayako mbali na mfano huu.

Kisha kulikuwa na mipaka ya kadi yenyewe. Mkazi wa Kibaha akisimama barabara ya Morogoro anaweza kwenda upande mmoja akafika Tumbi, au upande wa pili akafika Mloganzila, tawi la Hospitali ya Taifa Muhimbili, na safari zote mbili ni fupi. Lakini kadi ya CHF ilikoma Tumbi. Mgonjwa aliyehitaji zaidi ya kile ambacho Tumbi inaweza alivuka mstari usioonekana, na ng'ambo ya mstari huo alikuwa mtu asiye na bima. Kwa hiyo kadi ilimlinda mtu na malaria, ambayo angeweza kujikopea, ikamwacha mkono mtupu mbele ya saratani na moyo, ambavyo ndivyo vinavyouza mashamba.

Na tukiwa bado Tumbi, tukumbuke ilikotoka. Eneo lile la Kibaha lilijengwa kwa Mradi wa Nordic wa Tanganyika ulioanza mwaka 1963, kwa fedha za Denmaki, Ufini, Norwei na Uswidi: shule, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya, vikakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Walioleta msaada ule walitoka katika nchi ambazo mkulima na mkurugenzi hulazwa katika wodi moja na bili hulipwa na kapu la umma. Hawakufika huko kwa sababu walikuwa matajiri tangu mwanzo. Walianza na vyama vidogo vya wafanyakazi vya kusaidiana katika ugonjwa, vilivyofanana sana na CHF yetu, kisha wakaona kwamba vyama vidogo havitoshi, wakavifanya kuwa jambo la taifa na la lazima.

Si wao peke yao. Uingereza ilianzisha huduma yake ya afya ya taifa tarehe 5 Julai 1948, nchi ikiwa bado na vifusi vya vita. Nchini Kanada jambo hili lilianza katika jimbo moja la wakulima wa ngano, Saskatchewan, mwaka 1962. Madaktari wakagoma kwa siku 23 wakidai kwamba mlipaji akiwa mmoja uhuru wao utakwisha. Mgomo ukaisha, utaratibu ukabaki, na baada ya miaka michache Kanada nzima iliufuata. Taiwan iliunganisha mifuko yake kuwa mmoja mwaka 1995. Marekani iliamua vinginevyo. Ina makampuni mengi ya bima yanayoshindana, inatumia karibu asilimia 17 ya pato lake lote kwa matibabu, sehemu kubwa kuliko nchi nyingine yoyote tajiri, na bado ina mamilioni ya watu wasio na bima. Wanaotuambia kwamba wingi wa mifuko huleta ushindani na ushindani hushusha bei wanapaswa kutueleza hilo.

Sababu yake si ngumu kuielewa kwa mtu anayejua soko. Kampuni ya bima hupata faida kwa njia mbili: kwa kutibu kwa uangalifu, au kwa kuchagua wateja wasiougua. Njia ya pili ni rahisi zaidi. Hata Mfuko wetu wa Taifa, ambao si wa faida, uliwahi kuonja uchungu wa jambo hilo. Ulianzisha Toto Afya Kadi kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi walioleta watoto wao walikuwa hasa wale ambao watoto wao walikwisha kuugua, na ni mzazi gani asingefanya hivyo? Mfuko ukaeleza kwamba unalipa zaidi sana kuliko unavyokusanya, na mwaka 2023 ukasitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, ukaelekeza waandikishwe kupitia shule. Kilio kilikuwa kikubwa, na uandikishaji huo ulirudishwa baadaye. Lakini funzo halikuwa kwamba watoto ni ghali. Lilikuwa kwamba hiari na bima ya wote havikai chungu kimoja.

Sheria ya 2023 imelifahamu hilo, maana inaifanya bima kuwa ya lazima kwa kila mkazi. Tunaiunga mkono katika hilo. Muswada wa kwanza uliosomwa mwaka 2022 ulikwama, na ulistahili kukwama: kiwango kilichotajwa wakati ule kilikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na hakuna aliyeweza kueleza asiyekuwa nacho atalipiwa na nani. Sheria iliyopita mwaka mmoja baadaye iliweka mfuko maalumu kwa ajili ya wasio na uwezo, wenye kupata fedha kutoka vyanzo kama ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, pombe na vipodozi, kodi ya michezo ya kubahatisha na ada katika bima za vyombo vya moto. Mtu anayeishi kando ya barabara ya Morogoro ataona busara ya hicho cha mwisho. Hospitali ya Tumbi imepokea majeruhi wa mabasi na malori kwa miongo mingi, watu wanaotoka kila pembe ya nchi, wasiojulikana na yeyote pale, wengine hawawezi hata kutaja majina yao. Ni haki kabisa kwamba wenye magari wachangie kitanda hicho.

Ila sheria hiyo hiyo imeacha mlango ambao tunaomba uangaliwe. Imeruhusu mifuko ya binafsi itoe bima hii sambamba na mfuko wa umma. Hatuna ugomvi na mtu anayetaka kujilipia chumba cha peke yake na chakula anachokipenda. Hilo ni lake. Lakini kwa kifurushi cha msingi, kile ambacho kila mtu lazima awe nacho, wenye ajira na vijana wa mjini wakienda kwenye kapu lao, na wakulima, wazee na wagonjwa wa kudumu wakabaki katika kapu la umma pamoja na ushuru wa soda, tutakuwa tumejenga CHF nyingine kubwa zaidi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono uliokatwa vidole vyake vyenye nguvu hauvunji pia. Papa Yohane XXIII aliitaja huduma ya matibabu miongoni mwa haki za binadamu katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963. Haki haigawanywi kwa madaraja ya kadi.

Sasa tuje kwenye bei, jambo ambalo wasemaji wengi wa haki hulikwepa kwa kuwa halina utamu. Kapu moja likilipa kila bili linayoletewa, litakauka hata kama nchi nzima imechangia. Mlipaji mmoja ana nguvu moja kubwa ambayo mgonjwa mmoja mmoja hana: anaweza kukataa bei. Mama wa Mzenga hawezi kubishana na hospitali juu ya gharama ya kipimo mtoto wake akiwa mikononi; mfuko wenye mamilioni ya wanachama unaweza. Nguvu hiyo ilijaribiwa tarehe 1 Machi 2024, pale NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao chenye bei mpya. Watoa huduma binafsi kupitia chama chao, APHFTA, walisema bei hizo haziwezi kuendesha hospitali, na hospitali kadhaa kubwa zikasitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko. Mazungumzo yalifuata, na huduma zikaanza kurejea. Lakini katika kipindi kile mwenye kadi halali, aliyekatwa mshahara miaka yote, alisimama mapokezi akirudishwa.

Nani alikuwa na haki? Tunaona kwamba kila upande ulishika nusu ya haki. Mfuko ulikuwa sahihi kwamba bei haziwezi kuwa zile anazozitaka muuzaji. Hospitali zilikuwa sahihi kwamba bei isiyofikia gharama ya dawa na mshahara wa muuguzi haileti unafuu. Humfanya daktari aandike dawa ambayo haipo na mgonjwa akainunue kwa fedha zake, au humfanya aongeze vipimo ili kufidia. Katika hili Kanisa limo pande zote mbili za dirisha la malipo: lina wagonjwa kibarazani na lina hospitali ndani. Tangu makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa, yaliyozaa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, hospitali nyingi za makanisa zimefanya kazi kama hospitali teule za wilaya, zikitegemea ruzuku na malipo ya bima. Kwa hiyo hatuzungumzi kama watazamaji. Tunachodai ni kwamba bei zipangwe na chombo ambacho mlipaji, watoa huduma na wawakilishi wa wagonjwa wote wanakaa, kwa hesabu za gharama zilizowekwa mezani, na zitangazwe kabla ya kuanza kutumika. Bei inayopangwa ofisini na kupokelewa kwa mgomo itamuumiza yule yule kila mara.

Ipo pia njia ya malipo yenyewe. Hospitali ikilipwa kwa kila huduma, kila kipimo kina faida yake, na mtu mwenye mafua atapigwa picha. Zahanati na vituo vya afya vingeweza kulipwa kwa idadi ya watu wanaowahudumia, wawe wagonjwa au wazima, ili mganga wa Marumbo apate fedha yake hata mwaka ambao vyandarua vimefanya kazi na hakuna foleni ya malaria. Njia hii nayo ina hatari, maana mvivu atalipwa kwa kutotibu, inahitaji mkaguzi. Lakini ndiyo inayompa mtu sababu ya kutaka watu wasiugue.

Jambo moja tunalikataa moja kwa moja: kuchelewesha malipo na kuuita ucheleweshaji huo udhibiti wa gharama. Majirani zetu wa Kenya walivunja mfuko wao wa zamani, uliokuwapo tangu 1966, na tarehe 1 Oktoba 2024 wakaanza mpya chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa mchango wa asilimia 2.75 ya kipato na usiopungua shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Wazo lilikuwa lile lile tunalolitetea hapa. Lakini mfuko wa zamani uliacha madeni makubwa kwa hospitali, zikiwamo za makanisa, na mwanzo wa mpya uligubikwa na malalamiko ya hospitali zisizolipwa na wagonjwa wanaodaiwa taslimu huku majina yao yamo katika kompyuta. Hospitali ndogo ya misheni haiwezi kumkopesha mlipaji mkubwa kwa miezi mingi. Muda wa kulipa uandikwe, na ukipita mlipaji atozwe.

Tunajua pingamizi kubwa la wasomaji wetu, nalo halihusu hesabu za bima hata kidogo. Linasema: kapu moja litaibiwa mara moja. Hatuwezi kulidharau. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kwa mwaka 2021/22 ilionyesha NHIF ikitumia zaidi ya ilichokusanya, na taarifa zake zimeeleza pia juu ya fedha za Mfuko zilizokopeshwa Serikalini kwa miradi na kutorudishwa kwa wakati. Zimekuwapo bili za kughushi, za wagonjwa ambao hawakufika na upasuaji ambao haukufanyika, na katika hilo wamo watumishi wa hospitali na wanachama walioazimisha kadi zao. Mtu akiazimisha kadi kwa jirani kwa huruma anafikiri amemsaidia. Amechukua kwenye kapu la kijiji kizima bila kuwauliza. Hata hivyo, tunauliza: mifuko mingi ikiwa na wezi, je, wezi hupungua? Kapu moja lina faida kwamba watu wote wanalitazama, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu nao ni wagonjwa wake. Mbunge ambaye mama yake anatibiwa kwa kadi ile ile ya mama wa Vikumburu atauliza maswali makali zaidi bungeni. Fedha za bima zisikopeshwe kwa jengo lolote, liwe la maana namna gani.

Wakati wa kampeni za mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kwamba ndani ya siku 100 za kwanza za kipindi chake bima hii ingeanza kwa majaribio, kwa kuanzia na wazee, watoto, mama wajawazito na watu wenye ulemavu, Serikali ikiwalipia wasio na uwezo. Aliahidi pia kupiga marufuku hospitali kuzuia miili ya marehemu kwa sababu ya madeni. Tunaitaja ahadi hii ya pili kwa makusudi. Kuna familia ambazo zimekaa matanga bila maiti, zikihesabu noti, kila siku ya chumba cha baridi ikiongeza deni. Hospitali hushika mwili kwa kuwa haina kitu kingine cha kushika, na kama hakuna mfuko wa kulipa deni hilo, marufuku itahamishia tu mzigo kwa wodi, ambako mgonjwa anayefuata atadaiwa kabla ya kutibiwa. Kwa hiyo ahadi zile mbili ni moja.

Sasa lipo la kwetu wenyewe, na halingojei Dodoma. Asiye na uwezo ni nani? Mfuko maalumu utalipia majina, na majina hayo yanatoka kijijini na mtaani. Tumekwisha kuona, katika orodha za misaada zilizopita, mjane wa pembezoni akisahaulika na ndugu wa mwenye kiti akikumbukwa. Tumeona pia mtu mwenye nyumba ya bati akikataliwa kwa sababu ya bati, ingawa kitandani ndani yake amelala mtu aliyepooza. Tunawaomba wenyeviti wa jumuiya na makatekista wa vigango vyote vya Kibaha na Kisarawe waandike, kila mmoja katika eneo lake na bila kutazama dini ya mtu, kaya ambazo haziwezi kulipa, wakiandika na sababu: ugonjwa wa kudumu, ulemavu, uzee bila mtunzaji, yatima. Daftari hilo lisiwekwe ofisini mwa parokia. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu kwa mujibu wa sheria, na mwananchi yeyote anaweza kuomba orodha ya wasio na uwezo isomwe pale mbele ya wote, jina kwa jina, ili aliyesahaulika atajwe na aliyeingizwa kwa upendeleo aulizwe. Halmashauri za walei zituletee taarifa ya vijiji ambavyo orodha imesomwa, na vile ambavyo mwenyekiti alikataa.